Ndoo moja ya furu

Mama alikuwa anaosha vyombo mwaloni, sahani ya bati ikamponyoka. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, kwa hiyo ni 1978 au 1979. Ilikuwa sahani nyeupe yenye ukingo wa bluu. Ilizama taratibu ikiyumbayumba kama jani, ikatua chini, na sisi tukawa tunaitazama kutoka juu ya jiwe. Maji pale yalinizidi kimo. Hata hivyo niliiona sahani yote, nikauona ukingo wake, nikawaona na samaki wadogo waliokuja kuigonga kwa midomo wakidhani ni chakula. Nikazama nikaitoa. Mama hakusema ahsante. Alisema ndoo ya maji bado haijajaa.

Nakumbuka siku ile kila mtu akiniuliza Ziwa Victoria limepungukiwa nini. Wa mwisho kuniuliza ni binti yangu, ambaye amesoma kuliko mimi. "Baba, samaki si wapo? Magari ya barafu si yanapakia kila siku?" Wapo. Hapo ndipo nilipokwama miaka mingi, maana na mimi nilikuwa najijibu hivyohivyo.

Wale walioigonga sahani walikuwa mbipi. Sisi watu wa Ghuba ya Mwanza tulikuwa na majina mawili kwa samaki wale wadogo wenye miiba: wa kwenye matope na mchanga ni furu, wa kwenye mawe ni mbipi. Wengine hata hilo la pili hawakujisumbua nalo, wote furu. Na furu hakuwa samaki wa heshima. Mgeni akija unamtafutia sato. Furu ni wa kwenu wenyewe, unamwanika juu ya mawe siku mbili tatu, anakauka, anakaa kapuni mpaka siku ambayo ziwa limechafuka na hakuna aliyeingia. Sisi watoto tulimvua kwa ndoano na minyoo. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia, "Nenda kamwangalie furu." Wa nini?

Aliyenifundisha kumwangalia ni kijana mmoja Mtanzania, kama mwaka 1980 hivi. Alikuwa akifanya kazi na watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden, waliokuwa wameanza kuchunguza samaki wa ghuba yetu mwaka 1977. Walinikuta mwaloni na ndoo ya furu tuliowavuta alfajiri kwa kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota hadi pwani. Wakainunua yote bila kupatana bei, jambo lililonitia wasiwasi. Kisha wakaimwaga kwenye turubai.

"Hawa ni samaki gani?" akaniuliza yule kijana.

"Furu, kaka."

"Wote?"

"Wote furu."

Akachuchumaa, akaanza kuwatenga. Huyu hapa, huyu kule. Nilidhani anatenga wakubwa na wadogo, lakini sivyo. Akamshika mmoja mwenye kichwa kizito, akamfungua, akanionyesha ndani ya koo: meno bapa, kama magego ya mtu mzima. Huyo anaponda konokono. Mwingine mrefu, taya limechongoka, huyo anakula samaki wenzake. Mwingine meno yake yamejipanga kama brashi, anakwangua ukungu wa kijani kwenye mawe. Mwingine anameza matope na kuchambua humo. Kisha akamwinua mmoja mwenye mdomo mpana na meno kama hana, akasita kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo la aibu. Huyo, akasema, huwavizia mama zao waliobeba watoto mdomoni, akawasumbua mpaka wawateme, akawala watoto.

Sikujua kama wanabeba watoto mdomoni. Nimezaliwa pale, nimekula furu kabla sijaota meno yote, sikujua. Akamtafuta jike aliyevimba chini ya taya, akamminya kidogo kwenye ndoo ya maji, wakatoka viumbe kama punje za pilipili manga, kila punje ina macho mawili. Walikuwa kama thelathini. Ndio uzazi wake wote wa safari ile. Baadaye wale watoto walirudi kumzunguka kichwani wakitafuta mlango.

Turubai lilipokwisha kutengwa palikuwa na mafungu kumi na manne, kutoka ndoo moja ya mtoto. Nilipomsimulia Mama, akasema wazungu wana muda.

Leo najua kwamba ndoo ile ilikuwa kionjo tu. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, karibu zote hazipo mahali pengine popote duniani, na zote zimetokea ndani ya muda mfupi wa ajabu, kwa sababu miaka kama 15,000 iliyopita ziwa lenyewe lilikuwa limekauka. Uchunguzi uliofanywa kwa trola, zile meli zinazoburuta wavu chini ya maji, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ulikuta furu ni kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Yaani ziwa lenyewe lilikuwa furu. Wale wengine wenye heshima walikuwa wageni waalikwa.

Nisiseme uongo kwamba kabla ya sangara mambo yalikuwa shwari. Babu alikuwa akisimulia samaki waitwao ningu, jinsi walivyopanda mito wakati wa masika kwenda kutaga, na watu wakawazibia midomo ya mito kwa nyavu. Mimi ningu nimewaona wachache wa kuhesabika. Sato wa asili walianza kupungua tangu nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwa matamvua, zilipoingia mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa hiyo miaka ya 1950 akaletwa sato mwingine kutoka maji mengine, mkubwa zaidi na mgumu zaidi, akazaliana, akawasukuma wenyeji. Jina likabaki lilelile. Ukiagiza sato leo unaletewa huyo mgeni, nawe unakula ukiamini unakula alichokula babu yako. Na furu nao, katikati ya miaka ya 1970, zilianza trola ghubani kwetu, za kuwavua na kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Wale wakubwa wakubwa walianza kuadimika hapohapo.

Halafu sangara.

Huyu hakuja mwenyewe. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana, upande wa Uganda na Kenya. Hoja ilikuwa kwamba furu ni takataka, samaki mdogo mwenye miiba na bei mbaya, basi aletwe mkubwa amle, sisi tumle mkubwa. Kwa hesabu za karatasi inaeleweka. Tena walikuwa wameonywa. Mwingereza Michael Graham alifanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ya 1929 ilisema kumleta samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingine ni hatari kubwa. Ripoti zina kawaida ya kusomwa na wasiohusika.

Kwa miaka ishirini hivi hatukumsikia sana. Kisha ghafla akawa kila mahali. Baba alimpata wa kwanza wa maana kama 1983, usiku, na alipokuwa anavuta nyavu alidhani amenasa mamba. Asubuhi mwalo mzima ulikuja kumtazama, amelala mchangani, macho yanawaka rangi ya chungwa kwenye kivuli cha mtumbwi. Wazee wengine hawakukubali kumla. Walisema ana mafuta mengi mno, na samaki mwenye mafuta vile lazima amekula kitu kisicho chema.

Katika hilo hawakukosea. Jike mmoja wa sangara hutaga mayai kwa mamilioni. Furu hubeba watoto wake thelathini mdomoni. Weka wawili hao kwenye maji mamoja na hesabu inajifanya yenyewe. Mama anayewaficha watoto mdomoni, akimezwa, amemezwa yeye na kizazi chake kwa tonge moja.

Mimi sikuliona hilo. Nilikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi na kitu nilichokiona ni bati. Nyumba ya kwanza ya bati pale kwetu ilikuwa ya sangara, na ya pili, na yetu. Ada yangu ya sekondari ililipwa na sangara. Viwanda vya minofu vikaja, ndege zikabeba. Uvuvi wa ziwa zima ulikuwa kama tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulishapita tani 500,000. Anayetaka kuandika habari hii kama msiba mtupu hajawahi kulala kwenye nyumba ya nyasi wakati wa masika. Nasema hivyo ili nieleweke nilikuwa upande gani.

Pengo nililiona kwa sababu ya chambo. Ilikuwa likizo, kama 1987, Baba amenunua migonzo mipya, kamba ndefu zenye ndoano nyingi, ya kumtegea sangara, na chambo chake ni furu hai. Akanituma nikavue ndoo moja. Nikaenda pale pa siku zote, nikakaa na ndoano tangu alfajiri hadi jua linachoma. Nikahamia kwenye mawe, nikapata wanne. Nikaona aibu, nikaazima kokoro la jirani, tukalivuta watu sita. Likatoka na uduvi mwingi, dagaa, na sangara watoto wa urefu wa kidole. Furu hakuna. Tulirudi na ndoo ya uduvi. Baba alitazama ndani akasema, "Hawa watu wameenda wapi?" Alisema hivyohivyo, watu.

Watafiti walikuwa wanaona jambo hilohilo kwenye nyavu zao: furu waliokuwa asilimia 80 walishuka katikati ya ghuba chini ya asilimia moja, ndani ya miaka michache. Frans Witte na wenzake wa Leiden walikadiria baadaye kwamba aina kama 200 zimetoweka au zimebaki kwenye ukingo wa kutoweka. Walikuwa na mafungu yao na majina ya kila fungu, kwa hiyo waliweza kuhesabu marehemu. Sisi tulikuwa na neno moja, na maadamu mawili matatu bado walionekana kwenye mawe, neno lilikuwa bado lina mwenyewe. Tungeshtukaje?

Nyumbani kazi ikabadilika. Furu ulimwanika juani, kuni hukuhitaji. Sangara haaniki, mafuta yake yataoza kabla hajakauka. Lazima umbanike kwa moshi au umkaange. Mama akajenga tanuri, akawa mbanikaji, na mbanikaji anataka kuni kila siku. Walikuwa wengi kama yeye. Kilima cha nyuma ya kwetu nilikiacha na miti nilipokwenda bweni. Nilipomaliza kidato cha nne kilikuwa na visiki, kisha mihogo, kisha mawe. Mvua ikinyesha maji yanateremka mekundu mpaka ziwani. Udongo ule una rutuba, na rutuba ikiingia majini inawalisha mwani. Mwani ukawa mwingi, na wale furu waliokuwa wakila mwani na mabaki ya chini, kazi ya kusafisha bila malipo, hawapo. Mwani ukifa unazama, unaoza, unakula oksijeni ya chini kule kwenye kina. Sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa hili hata haiji na mito. Inashuka kutoka angani na vumbi la mashamba na moshi wa mioto yetu. Nimepiga mahesabu ya moshi wa tanuri la Mama mara nyingi, na sipati pa kuusimamisha.

Maji yakawa ya kijani. Hapa ndipo kuna jambo ambalo, kati ya yote niliyosoma baadaye, ndilo linaloniuma zaidi, pengine kwa sababu halina mlaji wala wavu.

Kati ya mbipi wa kwenye mawe kuna wawili ndugu. Mmoja dume lake ni la bluu na nyeusi lenye mistari; watafiti walimwita Pundamilia, hilihili neno letu. Mwingine dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano, naye amepewa jina la Mwalimu: nyererei. (Sijui Mwalimu alilipokeaje. Napenda kudhani alicheka.) Majike ya wote wawili ni ya rangi ya majivu, hutayatofautisha. Jike humchagua mume kwa rangi: huyu anataka wa bluu, yule anataka wa mwekundu, na hilo ndilo ukuta pekee kati ya jamaa hizi mbili. Ukuta wa macho. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kinachotokea maji yanapochafuka. Mwanga unafika chini umechuja rangi, jike haoni vizuri aliye mbele yake, anaolewa na yeyote. Kisiwa cha Makobe, kwenye maji angavu, bado ni samaki wawili. Kisiwa cha Luanso, ndani ya ghuba kwenye maji ya tope, ni mmoja, rangi yake imefifia katikati. Hakuna maiti. Hakuna siku ambayo mtu angeweza kusema leo amekufa wa mwisho. Wamepotea wakiwa hai, ndani ya watoto wao.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, wengi mnayajua. Gugumaji, asili yake Amerika Kusini, lilionekana ziwani karibu na 1990, likaja kwetu kwa mashuka mazima ya kijani. Kuna wiki mtumbwi wetu haukutoka kabisa, tulisukuma kwa miti kama tunapita shambani. Mbawakawa waliofugwa na kuachiwa walilitafuna likapungua. Sangara naye, alipowamaliza furu, akala uduvi, akala dagaa, akala watoto wake mwenyewe. Kisha tukamgeukia yeye. Minofu ikaenda nje, kwetu yakabaki mapanki, vichwa na mifupa. Sheria ikaja kwamba chini ya sentimita 50 asivuliwe, na makokoro yakapigwa marufuku.

Nami nilivuta kokoro baada ya marufuku. Nilikuwa na watoto wawili, mkataba wangu wa kazi ulikuwa umeisha, na tajiri mmoja alikuwa anatafuta watu wa usiku. Miezi mitano. Kokoro linakwangua chini pale pwani pa kina kifupi ambapo samaki wanazaliana, na nilijua, kwa sababu nilishaonyeshwa kwenye ndoo punje za pilipili zenye macho. Usiku mmoja tulipotandaza kwenye mchanga kwa mwanga wa karabai nilimwona jike mmoja wa furu ametema watoto wake wakatawanyika kwenye mchanga mkavu, wanarukaruka. Niliwafagia kwa mguu kuelekea majini. Nikaendelea kuvuta. Wakati huohuo mwanangu mkubwa alikuwa anakojoa damu, kichocho, ugonjwa unaopitia kwa konokono wa majini. Sisemi kwamba ni kwa sababu wala-konokono walikuwa wamekwisha, magonjwa hayaji kwa sababu moja. Ila yale magego bapa niliyaona akilini siku hiyo hospitalini, nikiwa nimeshika kikopo cha mkojo.

Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wanasayansi liitwalo IPBES lilitoa tathmini kwamba aina kama milioni moja za viumbe duniani zimo hatarini kutoweka, likataja visababishi vikuu vitano: namna tunavyobadilisha ardhi na maji, kuvuna kupita kiasi, tabianchi, uchafuzi, na viumbe vamizi. Binti yangu alinitumia habari ile kwenye simu. Nilimjibu kwamba hivyo vitano nimevikuta vyote kwenye mwalo mmoja, na kwamba havikuja kwa foleni. Kila kimoja kilikuja kikiwa kimeshika mkono wa kingine. Ukimwondoa furu unahitaji kuni. Ukikata kuni unatia maji ukungu. Maji yakiingia ukungu furu aliyebaki anapoteza mke. Na joto linapozidi, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, basi ile hewa ya chini inazidi kuwa haba. Ukiuliza nani alianza, utazunguka ziwa zima.

Wapo wanaosema furu wamerudi. Ni kweli kwa kiasi. Tangu miaka ya 1990, sangara alipovuliwa sana, aina fulani za furu zilianza kuonekana tena kwa wingi, na watafiti waliowapima walikuta baadhi yao wamebadilika: matamvua yamekuwa makubwa, ya kuvutia oksijeni iliyo haba, na chakula chao si kile cha zamani. Nawastahi sana. Lakini mtu akiniambia furu wamerudi, swali langu ni lilelile la yule kijana: furu yupi?

Mwezi uliopita nilikuwa na mjukuu kwenye lile jiwe. Nilikuwa nimefunga sahani ya bati kwa kamba (si ile, ile ilitoboka zamani), kamba ina fundo kila dhiraa, nami nikaishusha polepole yeye akihesabu. Fundo la kwanza tuliiona. La pili ilikuwa doa. Kabla ya la tatu akasema, "Babu, imekwenda." Akachoka na mchezo wangu, akachukua ndoano yake. Baada ya muda akanasa samaki mmoja, mdogo, mwenye rangi ya majivu, na begani wekundu kidogo kama aliyeguswa na kidole chenye rangi, na mistari isiyojiamini.

"Furu," akasema, anamtupa ndooni.

"Mtoe," nikamwambia. "Mfungue mdomo kwanza, tumwangalie meno."